Alama za vinasaba za mchikichi

Alama za vinasaba za mchikichi ni sehemu za DNA zinazotofautiana kati ya mti na mti, na hutumika kupima uanuwai wa Elaeis guineensis, hasa miti iliyojiotea. Zilizozoeleka ni mikrosatelaiti: mahali ambapo herufi chache za DNA, tuseme GA, hujirudia mfululizo. Mti mmoja huweza kuwa na marudio 12, jirani yake 17. Kuzitengeneza ndiko kwenye jasho. DNA hukatwakatwa, vipande vyenye marudio hunaswa na kusomwa, kisha huundwa praima, yaani vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia unakili wa kila kipande, na kujaribiwa kwenye miti mingi; zisizoonyesha tofauti hutupwa. Siku hizi marudio hayo huweza pia kutafutwa katika jenomu ya mchikichi, yaani DNA yake yote, yenye jozi 16 za kromosomu, iliyochapishwa mwaka 2013.

Asili ya mti huu ni Afrika Magharibi na Kati, lakini umeota mizizi kando ya Ziwa Tanganyika, ilikoishia njia ya misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Tabora yenyewe ni kavu mno kwake. Mwaka 1986 watafiti wa Malaysia walikusanya mbegu Tanzania kwa ajili ya hazina yao ya vinasaba.

Michikichi ya kienyeji ya Kigoma, kando ya ziwa hilo, ni hasa dura, yenye kokwa la gamba nene. Kituo cha Kihinga cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) huzalisha tenera, chotara wa dura na pisifera (aina isiyo na gamba), mwenye mawese mengi zaidi. Kadiri miche hiyo inavyoenea, ndivyo michikichi ya zamani ya dura inavyopaswa kupimwa mapema kwa alama hizi, kabla haijang'olewa.