Nuktamkato Iliyosahauliwa: Historia Fupi ya Ujumbe wa Kosa katika Lugha za Programu

Makala haya yanachunguza ujumbe ambao kompaila, yaani programu inayofasiri msimbo kuwa maelekezo ya mashine, humpa mwandishi anapokosea sintaksia. Hoja kuu ni kwamba uwazi wa ujumbe huo haukuletwa na maendeleo ya mitambo peke yake, bali pia na uamuzi wa wabunifu kuhusu nani ahudumiwe.

FORTRAN, iliyotolewa na IBM mwaka 1957, ilipuuza nafasi baina ya maneno. Aliyekusudia kuandika DO 10 I = 1,10 ili hatua fulani zirudiwe mara 10, kisha akaweka nukta mahali pa mkato, hakuonywa: kompaila ilisoma kigeu DO10I chenye thamani ya 1.10. Kosa liligeuka sentensi sahihi yenye maana nyingine.

Sarufi ya ALGOL 60 ilielezwa kwa kanuni rasmi zinazohusishwa na John Backus na Peter Naur. Hata hivyo, ukali wa kanuni haukutosha. Kompaila hutambua kosa pale inaposhindwa kuendelea kusoma, si lazima pale lilipotendeka. Nuktamkato ikikosekana, lawama mara nyingi huangukia mstari unaofuata. Katika enzi ya kadi zilizotobolewa, matokeo yalipoweza kusubiriwa kwa saa nyingi, alama hiyo moja ingeweza kumpotezea mwanafunzi siku nzima.

Vyuo vikuu vilivyofundisha wanafunzi wengi ndivyo vilivyoshughulikia tatizo hili mapema. Waterloo, Kanada, iliunda WATFOR mwaka 1965, ikisisitiza kasi na maelezo bayana ya makosa. Cornell, Marekani, iliunda PL/C, ambayo ilijaribu kurekebisha kosa, ikamwonyesha mwanafunzi ilichokisia, kisha ikaendelea na kazi.

Funzo kwa sera za lugha ni dhahiri. Mradi wa Jambo OpenOffice, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, ulithibitisha kwamba programu za ofisi zaweza kuzungumza Kiswahili. Ujumbe wa kosa unastahili hatua kama hiyo. Mwanafunzi anayesoma onyo kwa lugha asiyoimudu hukabili mafumbo mawili: la msimbo na la maelezo yake. Inapendekezwa kwamba mabaraza ya Kiswahili na vyuo vya kompyuta visanifu kwa pamoja istilahi za makosa, vikianza na yale ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.