Mpaka, Njia na Bucha: Historia ya Mseto wa Tunduma

Mji wa Tunduma, ulio mkoani Songwe mkabala na Nakonde ya Zambia, ulianza na mstari uliochorwa Ulaya. Katika mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kwamba Barabara ya Stevenson, yaani njia iliyokusudiwa kuunganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika na kupewa jina la mfanyabiashara wa Uskoti aliyeifadhili, ibaki upande wa Waingereza, na kwa ajili ya njia hiyo Wanyamwanga wakajikuta chini ya serikali mbili, ingawa lugha na koo zao ziliendelea kuwa zilezile. Ndiyo maana Mnyamwanga wa Nakonde anayevuka kuhudhuria msiba Tunduma hahesabiwi mgeni. Ni ndugu aliyefika kuzika.

Wageni hasa waliletwa na njia za baadaye: bomba la mafuta la TAZAMA mwaka 1968, barabara kuu ya kwenda Zambia, kisha reli ya TAZARA yenye urefu wa kilomita 1,860, iliyojengwa kwa mkopo wa China na kukabidhiwa mwaka 1976. Wenyeji Wanyamwanga, pamoja na majirani zao Wanyiha wa Mbozi na Wandali wa Ileje, wakapokea Wanyakyusa, Wakinga wa Makete waliobobea katika biashara ya duka, Wachaga, madereva wa malori, na wabadilishaji fedha wanaosimama barabarani na mabunda ya shilingi na kwacha. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu zaidi ya 97,000. Ile ya 2022 ilikuta zaidi ya 219,000.

Mtu angetarajia mji wa aina hii ugombane kwa kabila au uraia, lakini mtafaruku wake mkubwa ulizuka kwenye nyama. Kwa mazoea ya miaka mingi nchini Tanzania, ng'ombe wa kuuzwa buchani huchinjwa na Mwislamu, kwa kuwa Mwislamu haruhusiwi kula kibudu, yaani mnyama asiyechinjwa kwa utaratibu wa dini, ilhali Mkristo kwa kawaida hula bila kuuliza. Mazoea hayo, ambayo yaliwawezesha majirani wawili wa dini tofauti kupimiwa nyama ya paja moja kwenye mzani mmoja, yalipingwa na baadhi ya Wakristo wa Kanda ya Ziwa waliodai haki ya kuchinja, na mwezi Februari 2013 mchungaji mmoja akauawa Buseresere, mkoani Geita. Mwanzoni mwa Aprili mwaka huohuo ugomvi ulifika Tunduma, ambako vijana walikabiliana na polisi waliotumia mabomu ya machozi, na shughuli za mpakani zikavurugika. Hasara ya kwanza iliwaangukia wachuuzi na wenye mabucha, watu ambao riziki yao ya kila siku ilitegemea wateja wa dini zote mbili.