Mimba za Utotoni: Mabinti Wote Hawana Mzigo Mmoja

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 15 ya wasichana wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kushika mimba. Lakini idadi hiyo imewachanganya watoto na watu wazima. Anayetaka kumsaidia binti wa Likoni, Kisauni au Changamwe ajue kwanza yuko katika hali gani.

Aliye chini ya miaka 18. Kisheria huyu ni mtoto, na hata akisema aliridhia, Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haimtambui kuwa na uwezo huo. Aliyemnajisi mtoto wa miaka 12 hadi 15 hufungwa si chini ya miaka 20. Kuyamaliza nyumbani kwa fidia au kwa ndoa ya haraka hakumlindi: Sheria ya Ndoa ya 2014 imeweka umri wa kuoa na kuolewa kuwa miaka 18. Aulizwe akiwa peke yake, kwani huenda aliyemtenda wanaishi nyumba moja. Aliyebakwa afikishwe hospitali kabla ya saa 72 kwisha, apate dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi.

Mwanafunzi. Mwongozo wa serikali wa 2020 unampa nafasi ya kurudi shuleni baada ya kujifungua. Kinachomzuia mara nyingi ni mtu wa kumlelea mtoto, karo, na maneno ya watu.

Aliyeolewa. Huonekana amestirika, kwa hivyo husahaulika. Lakini huenda hana nauli wala ruhusa ya kwenda kliniki, na mimba ya pili humjia upesi. Wataalamu hushauri ipite miaka 2 baada ya kujifungua kabla ya kushika nyingine. Mazungumzo ya kupanga uzazi yamhusishe na mumewe, ikiwa binti mwenyewe ameridhia.

Aliyefukuzwa au anayeishi peke yake. Huyu huhitaji chakula na mahali salama pa kulala kabla ya nasaha. Njaa humtupa mikononi mwa wanaomtumia. Huzuni nzito, kukosa usingizi au kumchukia mtoto ni ugonjwa, si ukaidi. Apelekwe kwa mhudumu wa afya.

Wote wana hatari moja: mwili mchanga hupatwa zaidi na kifafa cha mimba, na mtoto huweza kuzaliwa njiti. Tumbo lililofichwa chini ya buibui hadi mwezi wa saba halijapimwa presha wala damu. Kichwa kuuma sana, macho kuona kiza, kuvuja damu au homa si mambo ya kungoja asubuhi. Familia ya Likoni ipange mapema usafiri wa usiku, maana Hospitali Kuu ya Pwani iko ng'ambo ya feri.

Namba za msaada ni 116 kwa watoto na 1195 kwa ukatili wa kijinsia, na zote hupigwa bila malipo.

Mzazi, kabla ya kumuuliza "ni nani?", muulize "u salama?"