Chakula ni Uhai: Tunavyopaswa Kupima Vipeperushi vya Lishe Katavi

Mkoa wa Katavi ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, nao umerithi sifa ya ghala la nafaka. Umerithi pia kitendawili. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 56 ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, ilhali wastani wa taifa ulikuwa asilimia 34. Mbele ya takwimu za namna hii, watunga sera hukimbilia jibu moja: wananchi hawana elimu ya lishe, basi vichapishwe vipeperushi. Historia inatutaka tutafakari zaidi.

Mwaka 1973 ilitungwa sheria iliyoanzisha Taasisi ya Chakula na Lishe. Mwaka huohuo kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia takriban watu wazima milioni 2 kupitia redio na vikundi vya kujisomea. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai, iliyojengwa juu ya utaratibu uleule: kikundi kilisikiliza kipindi, kikasoma kitabu chini ya kiongozi aliyeandaliwa, kikajadili, kisha kikaamua la kufanya. Kitabu kilikuwa chanzo cha mazungumzo, na msomaji alikuwa na mahali pa kuuliza.

Hata hivyo, tusiitukuze kampeni hiyo kupita kiasi. Ukame wa 1973-74 ulikuwa umekausha mashamba, na Operesheni Vijiji ilikuwa imewahamisha mamilioni ya watu, wengi wao mbali na mashamba yao ya zamani. Taifa lilikuwa likiagiza nafaka kutoka nje. Katika hali hiyo, somo la mlo kamili, hata likiandikwa vizuri namna gani, halikuweza kujaza chungu.

Mpanda yenyewe inatupa ushahidi wa upande wa pili. Wakimbizi wa Burundi waliofika Katumba tangu 1973, na Mishamo tangu 1978, walianza kwa mgawo wa chakula, wakapewa ardhi, majembe na mbegu. Baadaye walijilisha, na mazao yao ya ziada yakaingia sokoni. Nyenzo za kuzalisha zilikuja kwanza.

Kwa hiyo, ubora wa kipeperushi cha lishe haupimwi kwa ung'avu wa rangi zake. Anayekiandika ajiulize: je, kinamfaa mama wa Katavi mwezi Februari, wakati akiba ya mahindi imekwisha na mapya hayajakomaa? Je, kinataja dagaa wa Karema, karanga, maharage na mboga za porini, pamoja na namna ya kuvihifadhi, au kinaonyesha mayai na matofaa ambayo bei yake haijui? Je, kinamsemesha pia baba, ambaye mara nyingi ndiye anayeamua magunia mangapi yauzwe baada ya mavuno?

Kipeperushi kisichojibu maswali hayo kina madhara. Humwambia maskini kwamba njaa ya mwanawe imetokana na ujinga wake, na humpa mtawala kisingizio cha kutoulizwa habari za bei ya mahindi, maghala na barabara. Watumishi wa umma mnaosoma hapa, kabla ya kutia saini agizo la uchapaji, pelekeni rasimu kijijini na msikilize itakavyosomwa.