Kabla ya Bufee: Wageni Walikula Nini Katika Bustani za Burudani za Marekani

Mwezi Juni 1934, huko Buena Park, California, Bi Cordelia Knott aliwapakulia watu wanane chakula cha jioni katika chumba kidogo cha chai kilichokuwa pamoja na banda la familia la kuuzia matunda. Kulikuwa na kuku wa kukaanga, viazi vya kuponda na rojo lake, mboga, vimkate vya moto, na mwisho pai ya beri. Kila mmoja alilipa senti 65. Vyombo vilikuwa vya kaure, vile vile alivyopata siku ya harusi yake. Mdororo wa uchumi ulikuwa umewakaba wakulima, na matunda peke yake hayakutosha kuendesha nyumba.

Mumewe, Walter, alianza kulima hapo mwaka 1920 kwenye shamba la kukodi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alichukua miche iliyokaribia kufa ya beri mpya, iliyozalishwa kisha ikatelekezwa na mtu aliyeitwa Rudolph Boysen. Akaifufua, akaipa jina la mwenyewe Boysen, na beri hizo ndizo zilizojaza pai za mkewe. Sifa za kuku wa Bi Knott zilisambaa upesi. Ilipofika mwaka 1940, jioni za Jumapili jiko lake lilikuwa likitoa hadi sahani 4,000, na watu wakisimama foleni ndefu kungoja meza.

Foleni hiyo ndiyo iliyozaa bustani ya burudani ya akina Knott. Walter aliwaonea imani waliokuwa wakisimama, akaanza mwaka huo wa 1940 kuwajengea kitu cha kutazama: mji wa kale wa wachimba dhahabu, wenye majengo ya mbao yaliyochakaa. Mchezo uliongezwa juu ya mchezo, duka juu ya duka. Uzio na kiingilio havikuwapo mpaka mwaka 1968, mtu mzima alipoanza kulipa dola moja kupita langoni. Hadi leo hoteli ya kuku iko nje ya lango, na unaweza kuingia ukala bila kukata tiketi ya bustani. Watu walikuja kula kwanza, michezo ikafuata.

Nayaeleza haya kwa kirefu kwa sababu mimi ni mpishi, mtoto wa mama aliyeuza mahamri na mbaazi Kibokoni, Mombasa, na sasa napika katika jiko la shule huku Florida ya kati. Ndugu wakija kututembelea, safari ya Disney haikosi. Nao, kabla hawajauliza habari ya michezo, huuliza habari ya chakula. Wengi huwa wameshaambiwa na waliowatangulia kwamba katika bustani hizi watu hula bufee, unalipa kwa kichwa, unajipakulia mpaka uchoke. Hapo ndipo hesabu zinapoanza kuwa ngumu. Kwa bei za Disney, mtoto akitimiza miaka 10 ni mtu mzima, hata kama chakula chake chote ni mkate na tikiti maji. Mama yangu mkubwa hula kama ndege. Mjomba ana kisukari na daktari amempimia wali wake. Kuwalipia hawa wote bei ya mtu mwenye njaa ya siku mbili ni kutupa pesa, tena kuna israfu, na chakula kinachobaki kwenye sahani huniuma mimi zaidi ya pesa. Kwa hiyo nilitaka kujua desturi hii imetoka wapi, na wageni walikuwa wakila vipi kabla yake.

Walt Disney alifungua Disneyland tarehe 17 Julai 1955 huko Anaheim, mwendo mfupi tu kwa gari kutoka kwa akina Knott. Siku hiyo ya kwanza watu walifurika kupita matarajio, vyakula na vinywaji vikaisha, na mabomba mengi ya maji ya kunywa hayakuwa yakifanya kazi kwa sababu ya mgomo wa mafundi bomba. Kuhusu chakula, utaratibu wake ulikuwa wa mtu asiye na mtaji wa kutosha: nafasi nyingi za kulia zilikodishwa kwa kampuni za nje. Swift, wauza nyama, walikuwa na hoteli yao. Carnation waliuza aiskrimu. Kampuni ya Frito ilikuwa na Casa de Fritos, iliyopika vyakula vya Kimeksiko. Inasimuliwa kwamba hapo ndipo Doritos zilipozaliwa. Mikate ya mahindi iliyokuwa ikibaki ilikuwa ikitupwa, mpaka mchuuzi wa kiwanda kilichoileta akashauri ikatwe vipande, ikaangwe na kutiwa viungo. Wageni waliipenda, na mwaka 1966 chipsi hizo ziliuzwa Marekani nzima. Mpishi yeyote aliyekuzwa na mama asiyetupa kiporo ataelewa kwa nini naipenda habari hii.

Hivyo basi kwa miaka mingi chakula cha bustani kilikuwa cha namna tatu. Kulikuwa na sahani iliyoletwa mezani na mhudumu, kama katika Blue Bayou, iliyofunguliwa Disneyland mwaka 1967 ndani ya jengo la mchezo wa maharamia, wageni wakila kando ya maji huku mashua zikipita. Kulikuwa na kaunta, ambapo unaagiza, unabeba trei, unatafuta kivuli. Na kulikuwa na vitafunio vya kula ukitembea: njugu, bisi, aiskrimu, na baadaye, katika miaka ya 1980, ile aiskrimu laini ya nanasi ambayo sasa watu huipangia foleni kana kwamba ni mchezo mmojawapo. Disney World ya hapa Florida ilipofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, jumba la kioo la Crystal Palace, ambalo leo wageni wanalijua kwa bufee, lilikuwa kafeteria: ulipita mbele ya vyakula, ukachagua, ukalipia ulichochukua na si zaidi.

Bufee yenyewe ilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1939, katika Maonyesho ya Dunia ya New York, Waswidi waliweka katika banda lao meza ya vyakula iliyokuwa ikizunguka, na Wamarekani wakaipenda mno. Miaka ya 1940 ikahamia jangwani, Las Vegas, katika hoteli ya El Rancho Vegas, ambapo kwa dola moja mgeni alikula apendavyo. Wenye hoteli hawakutafuta faida katika chakula. Walitaka mcheza kamari asiondoke akatafute kula mahali pengine. Hoja hiyo niliielewa vizuri nilipoisoma: chakula kiko tayari saa zote, hakuna kungoja, hakuna mhudumu wa kubishana naye, kisha rudi kwenye meza ya kamari.

Bustani ziliichukua bufee kwa sababu zao. Katika miaka ya 1990 desturi ya kula pamoja na wahusika wa katuni ilistawi, na bufee iliifaa sana. Bei ni moja, jikoni wanapika kwa masufuria makubwa, watoto wanaona chakula kabla ya kukipakua, na Winnie the Pooh anapata wakati wa kufika kila meza bila kugongana na wahudumu wenye trei. Siibezi. Mtoto wa miaka minne anayemkumbatia dubu wake huku ana kipande cha keki mkononi ana furaha ya kweli, na mzazi wake amelipia furaha hiyo. Lakini hapo chakula kimekuwa mwandani wa onyesho, na anayetaka kula ili ale tu ana haki ya kutafuta kwingine.

Kwingine kulikuwapo, na kwetu sisi watu wa pwani kuna sura yake ya karibu. EPCOT, bustani nyingine ya Disney hapa Florida, ilipofunguliwa mwaka 1982, mataifa yalipewa mabanda kuzunguka ziwa. Wafaransa walileta wapishi wao wakubwa, Paul Bocuse, Roger Vergé na Gaston Lenôtre, wakafungua mkahawa wa kukaa na kuagiza. Mwaka 1984 Moroko ikaongezwa, na Mfalme Hassan II akawatuma mafundi wake kuja kunakshi kuta na kupanga vigae. Afrika ya ikweta nayo ilikuwa imechorewa banda lake kati ya China na Ujerumani. Halikujengwa. Mahali pake pana kibanda kiitwacho Outpost, chenye vinywaji na vitafunio. Nikipita pale moyo wangu husononeka, kwa sababu katika nchi zote zile zilizojieleza kwa chungu na sahani, sisi tulibaki na soda.

Miaka 16 baada ya EPCOT, tarehe 22 Aprili 1998, ilifunguliwa bustani ya Animal Kingdom, na ndani yake mji wa kubuni wa Harambe. Wabunifu wake, wakiongozwa na Joe Rohde, walisafiri Afrika Mashariki, na Lamu ndiyo waliyoichukua kuwa kiolezo. Atokaye pwani huiona mara moja: kuta za chokaa zilizobambuka, vibaraza, milango, matangazo ya Kiswahili ukutani, na mwaka 1961 uliochapishwa huku na huko kuwa ndio mwaka wa uhuru wa mji ule. Mama yangu mkubwa alisimama mbele ya ukuta mmoja akaugusa kwa kiganja, akaniuliza, "Mwanangu, hawa waliingia Mkomani kule Lamu?"

Katika mji huo kulikuwa na mkahawa wa Tusker House. Ulianza kama kaunta: unaagiza kuku wako wa kuoka, unatoka nje, unakaa. Mwaka 2007 uligeuzwa kuwa bufee, na wahusika wa katuni waliovaa nguo za safari, bata Donald akiwa mmoja wao, wakaanza kuzunguka mezani. Chakula chake kina viungo na kina bidii ndani yake. Ila mji uliojengwa kwa mfano wa Lamu ulipoteza siku ile pahali pa kuagiza sahani moja na kukaa barazani kutazama wapitao, na kwa mtu wa Lamu hicho si kitu kidogo. Pengo hilo lilizibwa mwaka 2015 lilipofunguliwa Soko la Harambe, nyuma kidogo, karibu na reli: madirisha ya kuuzia yamezunguka uwanja wenye kivuli, nyama ya kuchoma, soseji, mtu ananunua kiasi chake. Ndiko ninakowapeleka wageni wangu mchana. Mjomba anapata nyama na kachumbari na kuuacha wali. Hakuna aliyemlipia asichokula.

Hadithi kama hiyo iko katika hoteli ya kulala iliyo jirani, Animal Kingdom Lodge, iliyofunguliwa mwaka 2001. Ilianza na mikahawa miwili ya kukaa kitako: Boma, ambayo ni bufee, na Jiko, ya kuagiza. Mwaka 2009, katika upande uitwao Kidani, wakafungua Sanaa. Hapa ndipo pahali ninapopapenda kuliko pote. Mapishi yake yanafuata Bahari ya Hindi, Afrika na Bara Hindi zikikutana katika chungu kimoja, jambo ambalo mtu wa Mombasa au Unguja hahitaji kufafanuliwa. Mnaagiza mikate kwa ajili ya meza nzima, naan ya moto kutoka tanuri la udongo, paratha, papadi, na vibakuli tisa vya chatini na achari. Wote wanamega katika sahani ile ile. Nje ya dirisha twiga wanapita kwenye majani. Na kwa kuwa mkahawa uko hotelini, tiketi ya bustani haihitajiki: unaweka nafasi, unakuja, unakula.

Mwaka 2020 bustani za Disney World zilifungwa Machi kwa ajili ya korona, na zilipofunguliwa Julai bufee hazikuweza kurudi, maana vijiko vya kushikwa na watu wote vilikuwa hatari. Baadhi ya mikahawa ikaanza kuleta vyakula mezani katika sinia za familia, kila meza na yake. Nilidhani desturi hiyo ingedumu, kwa vile ilikuwa na adabu na ilipunguza kumwaga chakula. Kufikia 2022 bufee kadhaa zilikuwa zimesharudi. Kilichodumu ni simu. Tangu 2017, yalipoanza majaribio ya kuagiza kwa simu humo humo Animal Kingdom, kaunta zimekuwa rahisi kwa wazee: unaagiza ukiwa umekaa kivulini, unaitwa chakula kikiwa tayari.

Na kuna njia iliyo ya zamani kuliko zote, ambayo wageni wengi hawaijui kwa kuona haya kuuliza: kubeba chako. Disney World wanaruhusu chakula cha nyumbani, mradi hakihitaji kupashwa moto, hakuna chupa za kioo, na hakuna pombe. Disneyland ina meza za mandari nje ya lango. Maji ya baridi kwenye kikombe unapewa bure kwenye kaunta ukiomba. Usiku wa kuamkia safari mimi hukaanga katlesi na mahamri, nikayafunga kwa karatasi, na asubuhi hakuna anayeingia langoni na njaa.

Wifi yangu anakuja Desemba na wanawe watatu, mkubwa ana miaka 11. Ameniuliza kama aweke akiba ya bufee. Nimemwambia: siku ya Harambe tutabeba katlesi, mchana kila mtoto atachagua dirisha lake sokoni, na jioni nimeshatuwekea meza Sanaa. Kama mdogo atalilia kumwona Donald, tutamlipia yeye na mama yake kiamshakinywa cha Tusker House, na sisi wengine tutakunywa kahawa nje tukiwangoja.