Somo Lililotoka Studioni: Televisheni na Walimu wa Samoa ya Marekani

Ualimu ni kazi ya kale, na vyombo vyake vimebadilika mara nyingi: kibao cha mkononi, ubao wa ukutani, kitabu cha chapa, sinema, redio. Kila kilipozuka chombo kipya walikuwapo watu wa kukitabiria makuu. Mwaka 1913 Thomas Edison, mvumbuzi maarufu wa Marekani, alitabiri kwamba vitabu vitaondoka shuleni karibuni na sinema itachukua mahali pake. Vitabu havikuondoka. Hata hivyo tamaa ya kupata chombo kitakachobeba mzigo wa mwalimu haikufa. Nusu karne baadaye ilijaribiwa katika visiwa vidogo vya Bahari ya Pasifiki, si katika darasa moja wala shule moja, bali katika mfumo mzima wa elimu ya nchi.

Samoa ya Marekani ni visiwa vichache vyenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 200. Kisiwa kikubwa ni Tutuila, chenye bandari ya Pago Pago. Visiwa vya Manu'a viko mbali kidogo upande wa mashariki. Wakuu wa Tutuila walitia sahihi hati ya kuikabidhi nchi yao kwa Marekani mwaka 1900, na wale wa Manu'a walifuata mwaka 1904. Visiwa vilitawaliwa na Jeshi la Wanamaji hata mwaka 1951, vilipowekwa chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Marekani. Mwaka 1960 wakazi wake walikuwa wapatao 20,000. Watoto walisoma katika shule ndogo za vijijini, aghalabu chini ya walimu ambao wenyewe hawakujaliwa elimu ndefu. Na walitakiwa kujifunza Kiingereza, lugha isiyokuwa ya nyumbani kwa mwanafunzi wala kwa mwalimu.

Mwaka 1961 yalitokea mambo mawili. Rais Kennedy alimteua H. Rex Lee kuwa gavana wa visiwa hivyo. Na gazeti la Reader's Digest lilichapisha makala yaliyoitaja hali ya Samoa kuwa ni aibu ya Marekani katika bahari ya kusini. Gavana mpya alikuta shule mbovu na dola yenye haraka ya kujisafisha uso. Njia mbili zilikuwa wazi mbele yake. Ya kwanza ilikuwa kuleta mamia ya walimu kutoka bara la Marekani, na kila mmoja angehitaji nauli, nyumba na mshahara. Ya pili ilikuwa kuwasomesha walimu wa Kisamoa mpaka wafikie kiwango kilichotakiwa, kazi ambayo ingechukua miaka mingi huku watoto wakikua. Lee aliiona njia ya tatu: kuleta walimu wachache hodari, kuwaweka studioni, na kupeleka sura na sauti zao katika kila darasa kwa televisheni.

Kazi ilifanywa kwa kasi. Mtambo wa kurushia matangazo ulisimikwa juu ya Mlima Alava, unaokaribia urefu wa mita 500, na baadaye mafundi wakawa wanavushwa juu ya bandari kwa gari la kuning'inia katika kamba ya chuma. Shule mpya zilijengwa mahali pa zile za zamani, madarasa yake yakifuata umbo la nyumba za Kisamoa. Oktoba 1964 masomo yakaanza kurushwa. Mwalimu wa studioni ndiye aliyetunga somo na kulifundisha. Mwalimu wa darasani alipelekewa mwongozo uliopigwa chapa, ukimweleza namna ya kuwatayarisha wanafunzi kabla ya kipindi na mazoezi ya kuwapa baada yake. Kwa hiyo andalio la somo, ambalo katika shule za kawaida ni kazi ya mwalimu mwenyewe, lilifika mlangoni pake likiwa limekwisha kukamilika.

Haifai kuudharau mpango huo. Mtoto wa kijiji cha mbali alisikia Kiingereza kikisemwa na wenye lugha yao, aliona picha za vitu ambavyo kisiwa chake hakikuwa navyo, na alipata somo lile lile alilopata mtoto wa Pago Pago. Walimu wa Kisamoa nao walijifunza kwa kutazama. Rais Lyndon Johnson alipozuru visiwa hivyo Oktoba 1966 aliusifu mpango huu, na mwaka uliofuata alitia sahihi sheria ya utangazaji wa umma nchini mwake. Wageni wengi walikwenda kujionea.

Lakini ndani ya uzuri huo ulikuwamo upungufu ambao mgeni wa siku moja asingeweza kuugundua. Kuandaa somo si kuandika vichwa vya habari katika daftari tu. Mwalimu anapokaa jioni na andalio lake huwakumbuka wanafunzi wake mmoja mmoja: huyu hakuelewa hesabu za jana, yule huelewa upesi na kuchoka upesi, wale wa nyuma hawakuuliza kitu kwa wiki nzima. Kesho yake hubadilisha mfano, hurudia jambo, au huacha somo alilolikusudia akashika jingine. Mtu wa studioni hakuweza kufanya hayo. Saa ilipofika kipindi kilianza, na saa ilipofika kilikwisha. Darasa lililokuwa nyuma lilizidi kubaki nyuma, na darasa lililokuwa mbele lilingoja. Mwalimu aliyeziona nyuso za watoto hakuwa na mamlaka juu ya somo, na mwenye mamlaka juu ya somo hakuziona nyuso.

Manung'uniko yalianza katika madarasa ya juu. Wanafunzi wadogo na walimu wao waliipokea televisheni kwa furaha zaidi. Wa shule za sekondari waliichoka mapema. Huko masomo yalihitaji maswali na mabishano, na sanduku lile halikujibu swali wala kukubali kubishiwa. Vile vile walimu wenyewe walikuwa wakibadilika. Mwaka 1970 chuo cha elimu ya juu kilifunguliwa visiwani, na mwaka baada ya mwaka waliongezeka Wasamoa wenye elimu ya kutosha. Mwalimu ambaye mwaka 1964 aliuona mwongozo wa studio kama fimbo ya kumtegemeza, baada ya miaka kumi aliuona kama kamba miguuni. Hapa lipo jambo la ajabu katika historia hii: kadiri elimu ya walimu ilivyopanda, ndivyo haja ya mpango wenyewe ilivyopungua.

Kufikia katikati ya miaka ya 1970 televisheni ilikuwa imeshuka cheo. Haikuwa tena msingi wa mafunzo. Ilikuwa msaada ambao mwalimu aliweza kuuchukua au kuuacha kwa kadiri ya haja yake. Nyakati za jioni mitambo ile ile ilileta vipindi vya kustarehesha kutoka Marekani, navyo vilipendwa sana. Mwaka 1977 wananchi walimchagua gavana kwa kura zao kwa mara ya kwanza, naye ni Peter Tali Coleman, Msamoa. Nchi iliyoanza kujichagulia kiongozi ilikuwa imekwisha kuanza kuwarudishia walimu wake haki ya kujichagulia somo.

Mwaka 1981 Wilbur Schramm, Lyle Nelson na Mere Betham walitoa kitabu juu ya jaribio hili, na wataalamu wameendelea kulijadili. Wako waliolihesabu kuwa ni hasara tupu. Hukumu hiyo ni kali mno. Shule zilijengwa, walimu walipata mifano ya kuiga, na kizazi cha watoto hakikuachwa kingoje. Kosa halikuwa katika chombo. Lilikuwa katika kudhani kwamba haja ya siku ya kwanza ndiyo haja ya siku zote. Mpango uliowekwa kwa sababu walimu walikuwa dhaifu ulipaswa kujiwekea tangu mwanzo njia ya kuwaachia kazi watakapokuwa na nguvu. Haukuiweka, na walimu wakaitafuta wenyewe kwa manung'uniko ya miaka.

Vyombo vya siku hizi vina uwezo ambao studio ya Pago Pago haikuuota. Vingine huandika andalio zima la somo kabla mwalimu hajamaliza chai yake. Shule inayovipokea yapasa iulize swali lililochelewa kuulizwa Samoa: mwalimu akiona kwamba darasa lake halikuelewa, anayo ruhusa ya kukizima chombo na kuanza upya kwa njia yake? Akiwa nayo, chombo ni mtumishi wake. Akiwa hana, yeye ndiye mtumishi, na watoto walio mbele yake hawana mtu wa kuwatazama.