Njoro: Mashamba ya majaribio yaliyoamsha dunia kuhusu kutu ya ngano

MJI mdogo wa Njoro, ulio kilomita zipatazo 20 kusini-magharibi mwa Nakuru, haujulikani kwa masuala ya usalama wa kimataifa. Hata hivyo, ni katika mashamba ya ngano ya kituo cha utafiti kilichoko hapo ambapo wanasayansi walipata ushahidi uliozishtua serikali za mabara kadhaa kuhusu ugonjwa ambao taifa moja kubwa liliwahi kuuweka akiba kama silaha.

Ugonjwa wenyewe ni kutu ya shina. Huletwa na kuvu iitwayo Puccinia graminis, ambayo hupasua ngozi ya shina na kuacha vidonda vya rangi ya matofali. Chembechembe zake, nyepesi kama vumbi, hupeperushwa na upepo na kuvuka mipaka bila kibali cha yeyote. Shamba lililokuwa likingoja mavuno laweza kugeuka mabua matupu katika muda wa wiki chache. Sifa hiyo ndiyo iliyowavutia wanajeshi. Wakati wa Vita Baridi, Marekani ilizalisha na kuhifadhi kuvu hiyo ili iangamize chakula cha adui, hadi Rais Richard Nixon alipoachana na silaha za kibiolojia mwaka 1969. Mkataba wa kimataifa unaozipiga marufuku ulianza kutekelezwa mwaka 1975.

Njoro ilikuwa imepambana na kutu muda mrefu kabla ya hapo. Mlowezi Lord Delamere alipoteza ngano yake kwa ugonjwa huo mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1927 kukaanzishwa kituo cha kuzalisha mbegu, ambacho leo kiko chini ya shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO. Kituo hicho kiko zaidi ya meta 2,100 juu ya usawa wa bahari, katika nyanda ambako ngano haikosekani mashambani karibu mwaka mzima. Kwa hiyo kuvu nayo haikosi makao. Balaa hilo kwa mkulima ni neema kwa mtafiti.

Mwaka 1998, katika kituo cha Kalengyere kusini-magharibi mwa Uganda, kulionekana kutu iliyoishinda Sr31, jeni ambayo mbegu nyingi za ngano duniani ziliitegemea kama kinga. Ilipewa jina Ug99. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2000, lakini hayakuamsha watunga sera. Wengi waliamini kwamba kutu ya shina ilikwisha kushindwa.

Mambo yalibadilika mwaka 2004, mbegu za kituo cha kimataifa cha ngano na mahindi, CIMMYT, ziliposhambuliwa vibaya huko Njoro. Jopo la wataalamu lilitoa ripoti ya tahadhari mwaka 2005, na Septemba mwaka huohuo mpango wa kimataifa wa kukabili kutu ukazinduliwa Nairobi. Aliyeupigania kwa sauti kuu ni Norman Borlaug, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 1970, wakati huo akiwa na umri wa miaka 91. Ni vigumu kukwepa swali la kama ushahidi wa Kalengyere na Njoro ungesikika bila mzee huyo.

Baada ya hapo fedha na maazimio yalifuatana. Mwaka 2008 shirika la FAO lilitangaza kwamba Ug99 imefika Iran, baada ya kupitia Yemen. Mwezi Novemba serikali za nchi zinazolima ngano zilikutana New Delhi. Wakfu wa Gates ulikipa Chuo Kikuu cha Cornell dola milioni 26.8 kwa kazi hiyo. Tahadhari za maabara nazo zilibaki kali: huko St. Paul, Minnesota, sampuli za kutu kutoka nje huchunguzwa majira ya baridi tu, wakati hakuna ngano mashambani ya kuambukizwa.

Kuvu haikusubiri maazimio. Mwaka 2006 aina iliyoishinda jeni nyingine, Sr24, ilionekana Kenya, na mwaka uliofuata wakulima wengi wakapata hasara. Robin, mbegu ya Kenya iliyopokewa kwa matumaini makubwa, ilianza kushambuliwa mwaka 2014. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Eldoret kilianza kusambaza Eldo Ngano 1, iliyopatikana kwa kupiga mbegu miale kwa msaada wa IAEA, shirika ambalo wengi hulifahamu kwa ukaguzi wa mitambo ya nyuklia.

Kenya hununua nje sehemu kubwa ya ngano inayoila, na vita vya Ukraine vya mwaka 2022 vilionyesha jinsi bei ya unga inavyoweza kupanda kwa sababu za mbali. Mkulima wa Mau Narok, kwa upande wake, hulazimika kununua dawa ya kunyunyizia kila mbegu inapopoteza kinga. Njoro huendelea kupokea maelfu ya mbegu kutoka mataifa mbalimbali, zikapandwa kwa misimu miwili kila mwaka na kuachwa makusudi zishambuliwe na kutu.